Nani Anaendesha Chuo Kikuu cha Ulaya? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Marekta, Makansela na Watu wa Utawala

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na Kongo vina mikataba mingi na vyuo vya Ulaya: kubadilishana wanafunzi, miradi ya utafiti, mafunzo ya wahadhiri. Wanaoisimamia kwa upande wetu hukwama mahali palepale. Profesa mwenyeji amekubali kila kitu kwa moyo mkunjufu, kisha miezi inapita bila saini. Mara nyingi kisa ni kwamba hatujui kule nani ana mamlaka gani, na tunawapita bila salamu watu ambao pasipo wao hakuna karatasi inayotoka ofisini. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa vyuo, wanafunzi wa uzamivu na yeyote anayetaka kuelewa chuo kikuu cha Ulaya kinavyoendeshwa.

Kiongozi mkuu wa chuo kikuu anaitwaje?

Inategemea nchi. Austria, Italia, Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Skandinavia anaitwa rekta. Ujerumani vyuo vingine vina rekta, vingine vina rais. Ufaransa ni rais. Uingereza ni Makamu Mkuu wa Chuo. Trinity College ya Dublin ina provosti. Uholanzi rekta yupo, lakini ni mjumbe mmoja wa bodi tendaji ya watu wachache, na mwenyekiti wa bodi hiyo anaweza kuwa mtu mwingine kabisa.

Msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda ataona mpangilio wa Uingereza kama wa nyumbani, na si ajabu. Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London tangu 1949, Dar es Salaam ilianza 1961 chini ya London hiyohiyo, na pamoja na Nairobi vikawa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuanzia 1963 hadi 1970. Mkuu wa Chuo, Makamu Mkuu, Msajili, Seneti na Baraza vilikuja kwa njia hiyo. Msomaji wa Lubumbashi au Kinshasa amezoea rekta, cheo kilichofika na Wabelgiji waliofungua Lovanium mwaka 1954. Kwa hiyo ofisi ya Dar es Salaam na ya Lubumbashi zikiandikiana barua na chuo kimoja cha Ulaya, kila moja inakuja na picha yake kichwani kuhusu nani ni nani.

Mkuu wa Chuo wa Oxford na kansela wa chuo cha Ujerumani ni kitu kimoja?

Hapana, na kuwachanganya kumeleta barua nyingi zilizofika kwa mtu asiyehusika. Oxford ina Mkuu wa Chuo (kwa Kiingereza Chancellor, ndiyo maana anachanganywa na kansela) anayechaguliwa kwa kura za wahitimu na wanajumuiya wa chuo. Tangu uchaguzi wa 2024 ni William Hague, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Anaongoza sherehe, anakisemea chuo nje, halipwi mshahara na haendeshi ofisi. Anayeendesha ni Makamu Mkuu, Irene Tracey, aliyeshika kazi Januari 2023.

Ujerumani mambo yamegeuka. Kansela wa chuo ni mkuu wa utawala wote: fedha, ajira, majengo, sheria, manunuzi. Hagawi shahada wala havai joho mbele ya umati kila msimu. Ukitaka kujua kwa nini malipo ya mradi hayajatoka, ofisi yake ndiyo yenye jibu.

Na rekta wa Ufaransa?

Si mkuu wa chuo. Ni afisa wa serikali anayesimamia elimu katika eneo zima, kuanzia shule za msingi, kwa niaba ya waziri. Chuo kikuu cha Ufaransa kinaongozwa na rais, na barua ya ushirikiano wa chuo na chuo huandikwa kwa rais.

Kiongozi anapigiwa kura au anateuliwa?

Hapa ndipo nchi za Ulaya zinapoachana zaidi, na ni vizuri kukaa nalo kidogo, kwa sababu namna mtu alivyopata kiti inaeleza ataweza kufanya nini akishakalia.

Hispania jumuiya nzima hupiga kura: wahadhiri, watafiti, wanafunzi na wafanyakazi wa utawala. Kura hazina uzito sawa, maana wahadhiri wa kudumu wana sehemu kubwa kuliko wote. Sheria ya vyuo vikuu ya Machi 2023 imempa rekta kipindi kimoja cha miaka sita, bila kurudia. Italia ilitangulia: sheria namba 240 ya 2010 iliweka miaka sita, mara moja tu. Ufaransa rais anachaguliwa na wajumbe wa bodi ya chuo kwa miaka minne, na anaweza kuongeza kipindi kimoja.

Denmark ilikuwa nchi ya kura kwa muda mrefu. Tangu sheria ya 2003, bodi ambayo wengi wa wajumbe wake wanatoka nje ya chuo humteua rekta, rekta huteua maamidi (wakuu wa vitivo), na maamidi huteua wakuu wa idara. Mstari mmoja, kutoka juu kwenda chini. Sweden serikali yenyewe humteua rekta wa chuo cha umma, kwa pendekezo la bodi, kwa muda usiozidi miaka sita kwanza. Uholanzi baraza la usimamizi huteua bodi tendaji.

Austria wamechukua njia ya kati. Seneti hupeleka majina matatu, na baraza la chuo, ambalo wajumbe wake wanatoka nje ya chuo, huchagua mmoja. Kwa maoni yangu huu ndio mpango wenye busara kuliko yote niliyoitaja. Wanataaluma hawawezi kuletewa mtu wasiyemtaka, kwa sababu majina yametoka kwao. Wala mgombea hawezi kupita kwa kuahidi kila idara nafasi mpya za kazi, kwa sababu kura ya mwisho haiko mikononi mwa walioahidiwa. Kile kipindi kimoja cha Hispania na Italia nacho kina faida yake: rekta asiye na uchaguzi mwingine mbele anaweza kufunga programu isiyo na wanafunzi bila kuhesabu kura alizopoteza.

Ni kweli huko Scotland wanafunzi huchagua rekta?

Ni kweli, katika vyuo vikongwe vya St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh, na pia Dundee. Edinburgh, alikosoma Julius Nyerere kuanzia 1949 hadi 1952, wafanyakazi nao hupiga kura. Rekta huyu haendeshi chuo, maana kazi hiyo ni ya Rasi, yaani Principal, mtendaji mkuu wa chuo. Yeye ana kiti katika baraza la uendeshaji na huwasemea wanafunzi.

Wanafunzi wa Glasgow wameitumia kura hiyo kupaza sauti juu ya Afrika. Mwaka 1962 walimchagua Albert Luthuli, kiongozi wa ANC na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, wakijua serikali ya makaburu haitamruhusu kusafiri. Mwaka 1987 wakamchagua Winnie Mandela. Kiti kilibaki kitupu mara zote mbili, na utupu wake ulisemwa magazetini kuliko ambavyo hotuba ingesemwa.

Mkuu wa utawala anafanya nini hasa?

Tuanze na majina. Ujerumani ni kansela. Ufaransa ni mkurugenzi mkuu wa huduma, anayeteuliwa na waziri kwa pendekezo la rais wa chuo. Italia ni mkurugenzi mkuu, mwenye mkataba wa muda maalumu. Hispania anaitwa gerente, huteuliwa na rekta. Uingereza kwa mapokeo ni Msajili, ingawa siku hizi vyuo vingi vimeigawa kazi hiyo kwa ofisa mkuu wa uendeshaji na wenzake.

Sasa kazi. Chukua profesa mmoja aliyepata ruzuku ya Baraza la Utafiti la Ulaya, ambayo kwa kawaida ni ya hadi miaka mitano. Sherehe ni siku moja. Baada ya hapo lazima mkataba usainiwe na mwenye mamlaka ya kisheria, na profesa hayumo katika hao. Kasma mpya ifunguliwe. Watafiti wawili waajiriwe kwa sheria za kazi za nchi hiyo, mmoja pengine anatoka Nairobi na anahitaji viza. Mashine ya maabara inunuliwe, na ikivuka kiwango kilichowekwa na agizo la Umoja wa Ulaya la 2014 kuhusu manunuzi ya umma, zabuni itangazwe kwa nchi zote wanachama. Kama utafiti unagusa taarifa za watu, kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 ifuatwe, na vyuo vya umma vinatakiwa kuwa na afisa wa jambo hilo. Kamati ya maadili ipitie maswali. Mwishoni wakaguzi wa hesabu waje, na kila euro ionekane ilikokwenda.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanywa na profesa peke yake, na karibu hakuna linalofanywa na rekta mwenyewe. Yanafanywa na watu ambao majina yao hayako kwenye makala ya kisayansi. Wengi wao wana shahada za umahiri, wengine uzamivu. Wanajua sheria ya ruzuku kuliko walioipata. Katika vyuo vya Ulaya limekua kundi lililo katikati ya mhadhiri na karani wa zamani: wasimamizi wa utafiti, wataalamu wa ubora wa elimu, washauri wa wanafunzi, wabunifu wa masomo ya mtandaoni. Hawafundishi darasani, lakini mradi usingeandikwa bila wao. Kuwaita "wafanyakazi wa msaada" ni kuwakosea, na pia ni kutosema kweli juu ya kazi inavyofanyika.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni halioni haraka. Rekta anakuja na kuondoka. Mkuu wa utawala anaweza kuhudumu chini ya marekta watatu. Anakumbuka kwa nini jengo fulani halikujengwa, nani aliahidi nini wizarani, na mkataba gani wa zamani bado unadai. Chuo kinachobadilisha watu wake wa utawala kila kinapobadilisha rekta kinaanza upya kila mara, na gharama hiyo haiandikwi popote kwenye bajeti.

Je, anaweza kumkatalia rekta?

Ujerumani, ndiyo, na kwa nguvu ya sheria. Katika jimbo la Nordrhein-Westfalen, sheria ya vyuo inamruhusu kansela kupinga uamuzi wa uongozi wa chuo unaohusu uendeshaji wa fedha, na pingamizi lake husimamisha utekelezaji. Wasipoelewana, baraza la chuo ndilo linaloamua.

Mwaka 2018 suala hili lilifika Mahakama ya Katiba ya Ujerumani. Jimbo la Brandenburg lilikuwa limeamua makansela wa vyuo wawe watumishi wa umma wa muda maalumu. Mahakama, katika uamuzi wa tarehe 24 Aprili 2018, ilisema hilo linapingana na Katiba, kwa sababu mtumishi wa umma analindwa na ajira ya maisha ili asimamie sheria bila kuogopa kupoteza kazi, na wadhifa wa kansela haukuwa na sababu ya kutosha ya kuondolewa kinga hiyo. Kwa mtu yeyote aliyewahi kuona mhasibu akishinikizwa kupitisha masurufu yasiyo na stakabadhi, uamuzi ule unaeleweka papo hapo. Mwenye kulinda fedha za umma awe na mgongo wa kisheria, la sivyo kazi yake ni kugonga muhuri tu.

Uingereza wameliweka tofauti. Makamu Mkuu mwenyewe ndiye afisa masuuli mbele ya mdhibiti, Ofisi ya Wanafunzi, iliyoundwa 2018 kwa upande wa England. Msajili anaweza kushauri na kuonya, lakini anayejibu ni bosi wake. Hispania wanasisitiza mpaka mwingine: gerente haruhusiwi kufundisha wala kufanya utafiti akiwa katika kiti hicho.

Seneti, baraza, bodi: nani ana neno la mwisho?

Kwa ujumla Seneti hushughulikia taaluma: mitaala, mitihani, shahada. Baraza au bodi hushughulikia fedha, mali na mkakati. Ugomvi huzuka pale jambo linapokuwa la pande zote mbili. Kufunga idara ya lugha isiyo na wanafunzi wa kutosha ni suala la taaluma au la fedha? Kila upande una hoja.

Oxford na Cambridge zimebaki na kitu ambacho karibu kila mahali kimetoweka: bunge la wanataaluma wenyewe. La Oxford linaitwa Congregation. Januari 1985 lilikataa kumpa Margaret Thatcher shahada ya heshima, kura 738 kwa 319, kwa hasira ya kupunguzwa kwa fedha za elimu. Yeye alikuwa mhitimu wao na waziri mkuu aliye madarakani. Mwaka 2006 bunge hilohilo liliyaangusha mapendekezo ya John Hood, Makamu Mkuu aliyetoka New Zealand, ya kuwapa wajumbe wa nje wingi katika Baraza. Unaweza kusema wahafidhina walishinda. Mimi naona walikuwa wanatetea haki ya wenye kazi kuulizwa kabla nyumba yao haijauzwa.

Kwa nini mfumo ulibadilika sana tangu miaka ya 1980?

Kwa sababu ya fedha, idadi ya wanafunzi, na serikali kutaka mtu mmoja wa kuulizwa.

Enzi za kati Bologna, kinachohesabu mwaka 1088 kuwa wa kuanzishwa kwake, kiliendeshwa na wanafunzi waliojipanga kwa mataifa yao na kuchagua rekta miongoni mwao, ilhali Paris walimu ndio waliotawala. Chuo cha Berlin cha 1810, kilichobeba fikra za Wilhelm von Humboldt, kilijengwa juu ya profesa mwenye kiti chake, huru katika utafiti, huku dola ikishughulikia fedha na majengo. Mpango huo ulifaa vyuo vyenye wanafunzi mia kadhaa. Haukufaa vyuo vyenye maelfu.

Baada ya migomo ya wanafunzi ya 1968, nchi kadhaa ziligawa madaraka. Ufaransa ilipitisha sheria mpya mwezi Novemba mwaka huohuo. Denmark ilipata yake 1970, na wanafunzi pamoja na wafanyakazi wa utawala wakaingia katika vyombo vya maamuzi. Uholanzi, baada ya wanafunzi kuliteka jengo la Maagdenhuis, makao ya utawala wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Mei 1969, sheria ya 1970 ikafuata mkondo huohuo.

Kisha wimbi likarudi. Uingereza, ripoti ya kamati ya Jarratt ya 1985 ilitaka Makamu Mkuu awe mtendaji mkuu kama wa kampuni. Uholanzi iliondoa sehemu kubwa ya madaraka ya mabaraza mwaka 1997. Austria ilipitisha sheria yake 2002, Denmark 2003, Ufaransa Agosti 2007. Finland ilivifanya vyuo kuwa taasisi zenye utu wao wa kisheria kuanzia Januari 2010, na mwaka huohuo ikaunganisha vyuo vitatu vya eneo la Helsinki kuwa Chuo Kikuu cha Aalto, kinachoendeshwa kama wakfu.

Je, ilikuwa kheri? Sehemu, ndiyo. Chuo kisichoweza kuajiri bila kibali cha wizara, wala kukarabati paa lake bila barua tano, kilikuwa kinadhalilishwa. Lakini madaraka yaliyotoka wizarani hayakuwafikia wengi wa walio darasani na maofisini. Yalikaa kwenye bodi. Amsterdam ilionyesha matokeo yake: Februari 2015 wanafunzi waliingia tena Maagdenhuis, wakipinga mipango ya kupunguza masomo ya fani za binadamu na namna fedha za chuo zilivyotumika kwenye majengo, wakakaa hadi Aprili. Mwenyekiti wa bodi tendaji, Louise Gunning, alijiuzulu mwezi huo. Walichodai kilikuwa cha kawaida sana: mahesabu yaonekane, na wanaoguswa na uamuzi wasikilizwe kabla haujafanyika.

Kwa hiyo vyuo vya Ulaya viko huru na serikali?

Kwa viwango tofauti. Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Ulaya, iliyoundwa Salamanca mwaka 2001 na yenye makao Brussels, hupima uhuru huo kwa mambo manne: muundo wa chuo, fedha, ajira na taaluma. Nchi inaweza kuwa huru katika moja na kufungwa katika jingine. Vyuo vya Ufaransa, kwa mfano, viko chini ya rais anayechaguliwa ndani, lakini wahadhiri wengi ni watumishi wa dola.

Uhuru unaweza pia kupokonywa kwa jina la kuuongeza. Hungary ilihamisha vyuo vyake vingi vya umma kwenda kwenye wakfu wenye bodi za wadhamini, hasa mwaka 2021, na bodi kadhaa zikawa na wanasiasa wa upande wa serikali. Desemba 2022 Baraza la Umoja wa Ulaya lilizuia mikataba mipya ya fedha za Umoja na wakfu hizo, na wanafunzi na watafiti wasio na hatia ndio walioumia kwa kukosa Erasmus, mpango wa Umoja wa kubadilishana wanafunzi na wafanyakazi, na miradi ya utafiti. Kabla ya hapo, sheria ya 2017 ilikuwa imekibana Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati kilichokuwa Budapest hadi kikahamia Vienna 2019. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliikataa sheria hiyo Oktoba 2020, chuo kikiwa kimeshaondoka.

Wafanyakazi wa utawala wana sauti katika maamuzi?

Wanayo zaidi ya wanavyodhaniwa. Hispania wanapiga kura ya kumchagua rekta. Denmark wana wawakilishi kwenye bodi. Kiti kwenye bodi hakitoshi, lakini. Kero inayotajwa sana ni ya kila siku: mhadhiri anaunda programu mpya, ofisi ya mitihani inaambiwa wiki mbili kabla ya muhula. Mahali palipo na adabu ya kazi, mtu wa ratiba na mtu wa udahili wanakaa mezani tangu rasimu ya kwanza.

Wanawake wako wapi katika uongozi huu?

Wamechelewa kufika juu, na vyuo vikongwe ndivyo vilivyochelewa zaidi. Oxford ilimpata Makamu Mkuu wa kwanza mwanamke, Louise Richardson, mwaka 2016. La Sapienza ya Roma, iliyoanzishwa 1303, ilimchagua Antonella Polimeni mwaka 2020. Trinity ya Dublin, ya 1592, ilimchagua Linda Doyle 2021. Tangu miito ya 2022 ya kuomba fedha, chuo cha umma cha nchi mwanachama hakipati fedha za mpango wa utafiti wa Horizon Europe bila kuwa na mpango wa usawa wa kijinsia ulioidhinishwa na uongozi. Sharti hilo linafanya kazi kuliko hotuba, kwa kuwa linagusa fedha.

Mtu anajifunzia wapi kazi ya utawala wa chuo?

Zamani ilikuwa ofisini tu. Siku hizi kuna shahada za usimamizi wa vyuo, mfano Osnabrück nchini Ujerumani na Bath nchini Uingereza. Wakuu wa utawala wana mtandao wao, HUMANE, ulioundwa 1997, na watu wa uhusiano wa kimataifa wana EAIE, ya 1989. Kwa mfanyakazi wa chuo cha Afrika Mashariki njia iliyo karibu ni Erasmus+, ambayo hulipia pia ziara za wafanyakazi, si wanafunzi peke yao: siku tano hadi miezi miwili, ilimradi chuo chako kina makubaliano na chuo cha Ulaya. Nafasi hizi huchukuliwa sana na wahadhiri kwa sababu ofisi za utawala haziambiwi kuwa zipo. Uliza.

Miungano ya "Vyuo Vikuu vya Ulaya" inaongozwa na nani?

Hii ni miungano ya vyuo vya nchi mbalimbali za Ulaya vinavyofanya kazi pamoja. Wazo alilitoa Rais wa Ufaransa Emmanuel Macron pale Sorbonne, Septemba 2017. Miungano 17 ya kwanza ilipatikana 2019, na kufikia 2024 ilikuwa 64, yenye vyuo zaidi ya 500. Kila mmoja una kamati ya marekta na sekretarieti. Marekta hukutana mara chache, hivyo sekretarieti ndiyo unayopaswa kuifahamu.

Tunataka makubaliano na chuo cha Ulaya. Tuanzie wapi?

Profesa mnayemjua ni mlango mzuri, ila si yeye atakayesaini. Mwombe akuunganishe mapema na ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chake, kwa jina la mtu, na ulizeni mambo matatu kabla ya kuandika lolote: nani ana mamlaka ya kutia saini kwa aina hii ya mkataba, rasimu inapita ofisi ngapi, na wanatumia kielelezo gani. Vyuo vingi vina vielelezo vyao vya hati ya makubaliano, na mwanasheria wao ataharakisha rasimu aliyoizoea na kuirudisha isiyofanana nayo.

Kwa miradi ya Umoja wa Ulaya, chuo chenu kinahitaji namba ya usajili katika mfumo wa Tume ya Ulaya, pamoja na mtu aliyeteuliwa rasmi kukisemea kisheria katika mfumo huo. Kazi hiyo ichukueni kabla mwito haujatangazwa. Ikiachwa hadi wiki ya mwisho, hati za chuo zitatafutwa usiku.

Epukeni kutuma hati muhimu mwishoni mwa Julai. Ufaransa, Italia na Hispania ofisi nyingi za vyuo hufungwa au hubaki na watu wachache sana mwezi Agosti. Ujerumani ofisi hufanya kazi, lakini mihadhara ya muhula wa baridi huanza Oktoba, na Septemba kila mtu yuko kwenye udahili. Februari na Machi ni wakati mzuri. Na barua pepe ya kufuatilia mwandikieni yule afisa wa mkataba kwa jina lake, nakala kwa profesa. Wengi hufanya kinyume, na barua inakaa kwa profesa aliye safarini.